Kombe Tulilopewa Bila Kucheza

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu: siku sisi wa Gitega, hapa Burundi, tulipopewa kombe bila kucheza.

Unaniuliza ligi yetu ya vijana ya mpira wa magongo ilikufaje. Wenzetu wa nchi za baridi huucheza juu ya barafu. Sisi tuliucheza kwenye vumbi la mtaa wetu wa Mushasha, magongo tukijichongea wenyewe kwa miti ya mikaratusi. Timu zilikuwa nne tu, na kali kuliko zote ilikuwa ya Muyinga. Timu ikisafiri, kila mchezaji alilala nyumbani kwa mwenzake wa timu pinzani. Mgeni wangu alikuwa Haruna, golikipa wao kutoka Gasorwe, na mimi nikienda kwao nilipikiwa na mama yake.

Asubuhi ya fainali, tukinywa uji nyumbani kwetu, Haruna aliniambia huku akicheka kwamba tarehe yake ya kuzaliwa ilikisiwa tu, maana alizaliwa wazazi wake wakiwa wakimbizi Tanzania. Mama yake alimhesabia mwaka mmoja zaidi ya ulioandikwa. Kwa hesabu hiyo alikuwa amepita umri wa ligi. Nami, mpumbavu, nililitaka lile kombe. Nilimwambia kocha wetu, kocha akawaambia wakubwa wa ligi, na Muyinga wakaondolewa kabla ya filimbi.

Nililileta kombe nyumbani. Mama hakuligusa.

“Ule mutoto alikula kwangu,” alisema. “Maneno ya hapa ndani, we ulipelekea nani?”



Msimu uliofuata Muyinga hawakuja. Timu nyingine nazo zikaanza kuogopana, nani alale kwa nani, na ligi ikaisha hivyo hivyo.

Mwaka jana nilimfuata Haruna huko Gasorwe kumwomba radhi. Alinikaribisha vizuri, akanipa chai, akasema yale yalikwisha zamani. Kisha tukaongea habari za mvua na mihogo. Kuhusu watoto wake, afya yake, maisha yake, hakuniambia hata neno moja. Nilirudi Gitega na upweke ambao sikuwahi kuujua.

Mwanangu, jambo uliloambiwa na mtu mkila pamoja si lako kulitoa, hata kwa kombe. Mungu akupe kifua cha kutunza mambo ya watu, na mpaka uzeeni usikose mtu wa kukuambia ya kwake.