Beringi ya Gari la Kaka Yangu

Ukitaka kujua hali ya beringi, usianze kwa kuiangalia. Ioshe kwa mafuta ya taa, ipanguse, ivishe kidoleni, fumba macho, kisha izungushe polepole. Iliyo nzima huteleza kimya. Iliyochubuka hukwaruza kidogo tu, kama punje ya mchanga ndani ya ugali. Usife moyo usipoihisi mara ya kwanza. Mimi nilichelewa sana kuijua. Aliyenifundisha ni kaka yangu mkubwa, katika karakana yake pale Litein, miaka ya tisini ilipokuwa inaanza.

Miaka mingi baadaye alikuwa na gari la spoti la viti viwili, aliloliacha meneja mmoja wa shamba la chai aliyerudi kwao Ulaya. Injini ilikaa nyuma ya viti, na beringi moja ilijificha mwisho wake kabisa, nyuma ya giaboksi na klachi. Kuifikia ni kushusha vyote hivyo. Kaka aliiahirisha kazi hiyo mpaka ugonjwa ukamlaza, na oili ikawa inavuja hapo. Habari za kupona tulikuwa tumeacha kuzitaja. Alitaka jambo moja tu: aliendeshe gari hilo mpaka Mulot, ambako barabara hunyooka, kabla hajashindwa hata kukaa.

Nilishusha giaboksi mvua ikipiga mabati. Yeye alikaa mlangoni ndani ya blanketi, mkewe akimshikia kikombe.

"Polepole, fundi wa wilbaro," aliniambia. "Hiyo bolti ukiikata utalala nayo."

"Shemeji, mwambie mgonjwa anyamaze."

Akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

Beringi ilipotoka, niliinua sili yake, kile kifuniko chembamba cha kuzuia grisi isitoke, kwa ncha ya kisu, nikaiosha beringi. Ikiwa nzima, ningeijaza grisi, niivishe sili mpya, na safari ingekuwepo. Ikiwa imechubuka, kuifunga ni kujidanganya: ingevunjika njiani na injini yote iende nayo. Nyingine ilibidi iagizwe ng'ambo, na kaka hakuwa na muda wa kungoja meli.

Nikaizungusha. Ilikwaruza. Nikaigeuza upande wa pili nikiomba kimoyomoyo. Ilikwaruza.

"Lete," alisema.

Nikamvisha kidoleni. Akafumba macho, akaizungusha kwa muda mrefu.

"Iko sawa. Laini kabisa. Weka sili ufunge."

Shemeji alinitazama. Ni yeye aliyekuwa ameniambia kwamba siku hizi kaka hushika kikombe cha moto na asijue ni cha moto.

"Inakwaruza," nilimwambia kaka.

"Wapi?"

Nikashika kidole chake, nikaizungusha mimi mwenyewe, taratibu, kama alivyokuwa akinifanyia zamani, nikisimama kila ilipokwama. "Hapa. Na hapa."

"Sisikii kitu."

Alifumbua macho. Hakuitazama beringi. Aliutazama mkono wake, akaugeuza juu na chini.

"Basi usifunge," alisema. Kisha akamwambia mkewe, "Nirudishe ndani."

Shemeji alimshika kwapani wakaenda. Mimi nilibaki karibu na lile gari, giaboksi ikiwa chini sakafuni, nikisafisha spana ambazo zilikuwa zimeshakuwa safi.