Gurudumu la Nyuma Kushoto

Sinywi pombe, na mchana ule nilikuwa nimeshiba. Nayasema haya mapema kwa sababu kila niliyemsimulia huniuliza kwanza juu ya chupa au njaa. Ilikuwa saa tisa alasiri, Kinanira, mtaa wa Bujumbura, mvua inanyesha. Niliyoyaona niliyaona kwenye kioo cha simu yangu, kwa tarakimu. Tarakimu zinalewa?

Mimi niliacha shule darasa la sita nikaanza kuzurura: Kigoma, Uvira, Bujumbura, naondoka, narudi. Umeme wa magari nilijifunzia mtaa wa Buyenzi, kwa kuuliza maswali mpaka mafundi wakanichoka. Nina kifaa kidogo cha kupimia. Unakichomeka chini ya usukani, nacho kinaiambia simu kila jambo ambalo gari linajua juu yake lenyewe.

Mama mmoja muuguzi aliniita kwake. Gari lake la zamani lilikuwa limewasha ile taa yenye picha ya gari linaloteleza. Ikibaki imewaka, ujue mtambo unaozuia magurudumu yasiteleze umelala. Na kesho yake alfajiri alikuwa anapanda milimani, mji wa Ngozi, kwenye mahari ya mdogo wake, ndani ya gari shangazi wawili na watoto watatu, katika masika yale.

"Fundi, mi sitaki hadisi mingi. We zimisha tu iyo taa, inaogopesha batoto."

"Mama, taa si ugonjwa. Acha nitafute ugonjwa."

"Yoo! Nimeita fundi ao nimeita padiri?" Akacheka, akaingia ndani kufunga mizigo.

Nitakwambia ukweli. Nilijipa nusu saa. Nikishindwa, nitafungua dashibodi, nitoe balbu, niende zangu. Mafundi wengi hufanya hivyo.

Kila gurudumu lina kihisio chake, jicho dogo la kuhesabu mizunguko. Ukitaka kujua kipi kimepofuka, unalinyanyua gurudumu moja kwa kriki, yaani jeki, mtu analizungusha kwa mkono, nawe unakaa ndani unasoma simu. Ni kazi ya watu wawili, na mimi nilikuwa peke yangu. Ndipo akaingia mtu getini, amejifunika karatasi ya plastiki kichwani, akachutama nyuma ya gari. Nikajua ni zamu wa nyumba, mlinzi.

"Bwana zamu, nisaidie kuzungusha."

Akasogea. Akashika kriki, nami nikaingia ndani ya gari na simu yangu.

"Mbele kulia," ilisema sauti yake kutoka nje. Simu ikaandika sita, saba, kilomita kwa saa. Mbele kushoto, sawa. Nyuma kulia, sawa.

"Nyuma kushoto."

Sifuri.

"Zungusha basi!"

"Inazunguka. Fuata waya, pale inapindia juu ya springi. Ngozi yake ya nje nzima, ndani imekatika."

Mimi na udadisi wangu! "We ufundi ulisomea wapi?"

"Njiani," akasema.

Niamini, hapo ndipo tarakimu zote nne zilipoanza kupanda. Thelathini. Arobaini. Hamsini. Injini imezimwa, gurudumu moja tu liko juu ya kriki, matatu yamekanyaga chini, gari halijasogea hata kidole. Ya kulia yakawa mbio kuliko ya kushoto: gari linakata kona ya kushoto. Kisha kinyume chake. Kisha kushoto tena, na kila baada ya kona mwendo unaongezeka. Barabara ile naijua. Ulikuwa mteremko wa kutoka Bugarama, njia hiyohiyo ya Ngozi, nao nilikuwa nausoma kwa namba nikiwa nimekaa uani kwa watu.

Nyuma kushoto ikaanguka sifuri ghafla. Mengine yakaruka mpaka tisini. Halafu yakaanza kupungua taratibu, taratibu mno, hayana haraka. Gurudumu linalosimama hivyo halina ardhi chini yake.

Sauti ikaja kwenye dirisha, karibu na sikio langu.

"Taa ya kwangu uliizima, fundi."

Niligeuka. Hapakuwa na mtu. Kwenye tope kati ya geti na gari zilikuwepo nyayo za viatu vyangu tu.

"Fundi, unaongea na nani?" Mama alikuwa amesimama barazani.

"Na zamu wenu."

"Zamu wetu anakuja saa kumi na mbili."

Sauti ile nilikuwa nimeshaitambua. Masika ya mwaka uliotangulia, dereva wa teksi aitwaye Salumu aliniomba nimzimie taa kama hiyo, abiria wanalalamika. Nilitoa balbu kwa dakika tano, akanikumbatia. Wiki ileile nikavuka kwenda Uvira. Sikuuliza habari zake tena.

Nililala chini ya gari katika maji yale, nikapasua waya pale juu ya springi. Ngozi nzima, ndani imekatika, shaba imeoza kijani. Nikaunga, nikachomea kwa risasi ya kuyeyusha, na taa ikazimika yenyewe.

"Si nilikuambia ni kuzimisha tu?" mama akanitania. Alipanda Ngozi, akarudi na watu wake wote salama.

Mimi nilikwenda kwenye kituo cha teksi kuuliza. Dereva mmoja mzee alinitazama sana. "Salumu? We ulikuwa wapi? Gari iliteleza Bugarama, ikaingia mu bonde. Bote bakafa: abiria batatu, na yeye wa ine." Mlango wa mjane wake niliufikia mara mbili, mara zote nikageuka kabla ya kubisha hodi. Mara ya tatu nilibisha, nikamwambia. Hakulia, hakunitukana. Alifunga mlango tu.

Tangu siku ile, gari lolote nikiliunganisha na simu, hata liwe limesimama miezi mitatu, nyuma kushoto hupanda kwanza: moja, mbili, kisha hushuka taratibu vilevile. Nimebadilisha kifaa, nimebadilisha simu. Nangoja mpaka imalize, ndipo nifanye kazi.

Basi nawe unayepanda milima ile na mvua, fundi akikwambia taa inasema uongo, atoe balbu ulale salama, usibishane naye. Chukua ufunguo wako, uondoke. Siku moja fundi huyo nilikuwa mimi.