Ng'ombe Walipolamba Pango Langu

Mimi ndiye yule mwalimu mjuaji wa shule moja huku Elburgon. Mwalimu mkuu, Madam Chebet, alileta kreyoni ili watoto wachore kama watu wa kale wa mapangoni. Nilimcheka mbele ya stafu nzima. Kreyoni ni za nasari, nikasema. Nikaingia stoo, nikapata gunia la unga mwekundu, nikaamua huo ndio udongo wa kuchorea. Tukaukoroga na maji, na Gredi ya Nne wakajaza ukuta unaotazama malisho kwa viganja na swara. Ng'ombe mkubwa wa katikati nilimchora mwenyewe.

Kesho yake niliwaongoza wazazi hadi kwenye ukuta huo nikiwahubiria kuhusu rangi isiyofutika miaka elfu. Tulikuta ng'ombe wa shule wamejipanga ukutani wakilamba. Yule niliyemchora mimi alikuwa amebaki pembe tu.

"Mwalimu, si hiyo ni chumvi ya ng'ombe?" akauliza mama mmoja.

Nikamjibu kwamba hiyo ni sanaa. Ng'ombe mmoja akanijia, akaanza kulamba mkono wa shati langu uliokuwa bado na rangi ya jana.

"Mwache amalize, mwalimu," akasema Madam Chebet. "Hiyo pia ni sanaa."