Tundu katika Taya la Mwaisha

Bibi Pili wa Matombo alijua kuficha jambo, Mungu amsamehe. Mjukuu wake Mwaisha, aliyeachiwa akiwa mchanga mama yake alipofariki, alitangulia kuota meno ya juu. Kigego huyo, mtoto wa mkosi, na kigego hakai na watu. Pili akamfungia ndani, akawaambia majirani ana surua, hadi meno ya chini yalipochomoza. Hata mwanawe Hatibu, mjomba wa mtoto, hakujua.

Ikapita miaka kumi na saba. Mwaka ule reli ya Wadachi ilipofika Morogoro, kijana Yunusi alikwishaleta posa ya Mwaisha, na taya la chini la Mwaisha likaanza kuvimba upande mmoja. Wala halikumuuma. Alitafuna muhogo wa kuchoma kama kawaida, hakuna jino lililolegea. Uvimbe gani huu usiouma?

"Humo kuna jino limejificha, alama ya kigego," alisema Hatibu. "Mama, huyu alianza kuota wapi?"

"Chini," Pili alijibu, upesi mno.

Hatibu ndiye aliyekuwa na neno juu ya mpwa wake, ndiyo desturi ya Waluguru. Akakata shauri: Bruda wa misheni, yule mng'oa meno, alipasue taya mbele yao. Likitoka jino, hakuna harusi, na Mwaisha atahama bonde. Njia nzima Pili alijikokota nyuma yao. Alikuwa na hakika jino limo.

Bruda alimnusisha Mwaisha dawa ya usingizi, akachana ufizi, akatoboa mfupa. Akaingiza kijiti cha chuma, kikazama. Akachungulia tena, akajikuna kichwa.

"Hamna kitu," alisema. "Si jino, si usaha. Mfupa una shimo tupu, na meno yaliyo juu yake ni mazima. Hata mimi sielewi."

"Basi harusi ipo!" Hatibu akashangilia.

Pili akajiuliza. Kama yale meno yalikuwa mkosi, mkosi wenyewe uko wapi? Na yeye alikuwa akiogopa nini miaka yote hiyo? Alitaka kushukuru, akajikuta analia, na hata kilichomliza hakukijua.

Mwaisha aliolewa. Shimo likajiziba lenyewe, taya likarudi sawa, akazaa binti, Furaha.

Asubuhi moja aliingia kwa bibi yake na mtoto kamfunika gubigubi, akafunga mlango.

"Shikamoo, Bibi. Jino limetoka. La juu." "Nitawaambia watu ana surua."

Pili alimtazama sana.

"Hata mimi nilisema surua," akasema.

Mwaisha hakuelewa. Alipoelewa, mkono ulikwenda wenyewe kwenye taya.

Bibi akampokea mtoto, akamfunua, akafungua mlango. Hakujua kama anatenda jema au anaharibu. Hatibu alikuwa anapita na jembe lake.

"Hatibu, njoo umwone Furaha," aliita. "Ameota jino."