Swali Ambalo Binti Hamuulizi Mama

Kazi yangu ni kuwauliza wanawake maswali ambayo hata waume zao hawawaulizi. Nimesomea uuguzi, ila miaka hii niko kwenye utafiti wa afya ya uzazi, tunazunguka vijiji vya milimani juu ya Morogoro, nyumba kwa nyumba. Unapata hedhi vizuri? Unaumia wakati wa tendo la ndoa? Umewahi kutokwa na damu baada ya hedhi kukoma? Ukilisoma swali kama lilivyoandikwa, mama wa watu anakukata jicho kana kwamba umemfuata kwake kumtukana. Kwa hiyo nina njia yangu. Naweka kishikwambi pembeni, namsaidia kuchambua njegere, tunaongea habari za mvua na kabichi, halafu taratibu tunashuka mpaka kwenye tumbo la chini. Wengi hawasemi "mimi". Wanasema "kuna jirani yangu hapo juu". Basi namuuliza habari za jirani. Jirani anaumwa kiuno, jirani anaogopa hospitali kwa sababu daktari ni mwanamume. Tukimaliza namwandikia huyo jirani karatasi ya kwenda zahanati, na mwenyeji wangu anaipokea, anaifunga kwenye pindo la kanga.

Mradi una sheria: usimhoji ndugu yako. Wao wana sababu zao za ofisini. Sisi sheria hiyo tulikuwa nayo tangu zamani. Kwetu Uluguruni mambo ya mwili msichana hafundishwi na mama yake mzazi, hufundishwa na bibi, au na somo wake anapowekwa ndani kufundwa. Nilipovunja ungo nilimwambia bibi, bibi akamwambia mama, na mama akanichinjia kuku bila kunitazama usoni. Ndiyo heshima yenyewe. Hakuwahi kuniuliza, na mimi sikuwahi kumuuliza.

Sasa wakati wa masika gari la mradi likakwama karibu na kijiji chetu, nikalala kwa mama. Asubuhi nikaenda nyuma ya nyumba kuoga. Kwenye kamba ya nguo kulikuwa na kanga zake, upepo ukainua moja, na chini yake nikaona vitambaa. Vimeanikwa vile vile tulivyofundishwa sote, chini ya nguo nyingine, macho ya watu yasivione. Mama yangu alikoma hedhi kabla hata mimi sijaolewa.

Nilijua inaweza kuwa nini. Ndiyo kazi yangu! Damu ya namna hiyo inaweza kuwa jambo dogo, na inaweza kuwa saratani, na anayekaa nayo kimya ndiye tunayemzika. Nikamfuata jikoni.

"Mama, una shida yoyote tumboni?"

"Tumbo limefanyaje? Kunywa chai, gari litakuacha."

"Mama, nimeona kwenye kamba."

Akaweka mwiko chini. Akachukua jembe, akapanda shambani, na sikumwona tena mpaka naondoka.

Nilishuka mlima nimevimba kwa hasira. Mwanamke anayeua nyoka kwa mpini wa jembe, leo anakimbia mdomo wa mtoto wake! Nikimpigia simu ananisimulia habari za kuku. Nikilazimisha, mtandao unakatika, eti. Na nani mwingine angemuuliza? Kaka yangu, anayefanya kazi kiwandani Mzinga, ni mwanamume, usimtaje kabisa. Bibi ameshafariki. Somo wa mama ameshafariki. Nilikuwa naamka asubuhi, naingia kwenye nyumba za watu, nawauliza mama za wenzangu, na wa kwangu anavuja huko juu peke yake. Nililia mbele ya mwenye nyumba mmoja, akaniletea maji akidhani njaa.

Ndipo nikamkumbuka mtani.

Kwetu kila ukoo una watani wake. Mtani anaweza kuingia kwako akaondoka na jogoo, akakutukana mbele ya wakwe, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Ukifa, ndiye anayehangaika na kaburi lako, huku akiwaigizia waombolezaji ulivyokuwa unatembea. Mtani wa mama ni mjane wa Kiislamu wa hapa Morogoro mjini, anauza ndizi sokoni, na mdomo wake hauna breki. Nilimkuta kwenye meza yake, nikampa shikamoo, nikamweleza yote kwa sauti ya chini. Hakutania hata kidogo. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

"Kesho tunapanda," akasema, akaendelea kupanga ndizi zake.

Tulifika jua limeshachomoza vizuri. Alianza kupiga kelele kabla hatujaingia uani.

"Hodi! Marehemu yupo?"

"Pita, mwizi wa vifaranga!" mama akajibu kutoka ndani, kwa furaha.

Mtani akachana kamba ya mgomba, akamwamuru mama asimame wima, akampima kuanzia utosini hadi kisiginoni. "Tulia basi! Mimi sichimbi kaburi kwa kukisia, mgongo unaniuma." Akaingia chumbani, akatoka amejifunga kitenge kizuri cha mama na sufuria kubwa kichwani. "Hivi nachukua kabisa, nisije nikagombana na ndugu zako. Na padri wenu mwambie afupishe maneno, mchana jua kali." Mama alicheka mpaka akashika mlango. Mimi nilikuwa uani nachambua maharage, nacheka, machozi yako karibu.

"Cheka, cheka," mtani akasema, bado na sufuria lake kichwani. "Mtu anavuja damu uzee huu na hasemi, anatafuta nini kama siyo kaburi?"

Kicheko kikakatika. Mama akanitazama. Nikainamisha kichwa kwenye ungo. Kwa mtu mwingine yeyote angechukua jembe na kwenda zake, lakini mtani humkasirikii. Mama akakaa kizingitini taratibu.

"Tangu kabla ya Krismasi," akamwambia mtani, siyo mimi. "Naogopa, mtani wangu. Wakinikuta na kitu je?"

Mtani akatua sufuria, akakaa naye, akamfunika mabega kwa kile kitenge. Akamuuliza maswali yangu yote, moja baada ya jingine, kwa lugha ambayo ofisi isingeikubali, na mama akajibu yote. Mimi nilirudia kuchambua maharage yale yale.

Tulishuka wote kesho yake. Hospitalini mtani aliingia naye mpaka chumba cha kupimwa, akamwonya daktari kwamba huyu ni bibi wa watu, afanye kazi iliyomleta asikodoe macho. Wakachukua kinyama kidogo cha kwenda kupima, tukaambiwa tusubiri. Nikarudi kazini. Kila nikifika kwenye swali la damu, narudi kwanza kwenye habari za mvua. Majibu yalipotoka yalikuwa saratani ya mfuko wa uzazi, na daktari alisema inaonekana bado imo humo humo, haijasambaa. Dawa yake ni kutoa kizazi chote, na haraka.

Jioni ya kuamkia upasuaji mtani alitoka kwenda kuswali. Tukabaki wawili, mimi nimesimama miguuni kwa kitanda, nakunja kanga ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

"Njoo ukae hapa," mama akasema.

Nikakaa.

"Daktari nimemwambia anisubiri kwanza, sijaweka sahihi. Nilitaka nikuulize wewe." Alikuwa ananitazama usoni. "Humo wanamotaka kutoa ndimo mlimokaa, wewe na kaka yako. Ukoo wetu wote umepita humo. Siyo mali yangu peke yangu. Je, unaruhusu?"

Mimi ninayeuliza maswali kutwa nzima, leo nimeulizwa mimi. Nikasema, "Watoe, mama. Sisi tulishatoka zamani."

Akacheka kidogo, akanipiga kofi dogo mgongoni. Halafu akauchukua mkono wangu akauweka chini ya kitovu, juu ya gauni la hospitali. "Panaponiuma ni hapa," akasema. "Usiku ndiyo zaidi. Mwaka jana kulikuwa na siku sikuweza kusimama, nikawaambia watu ni mgongo." Akaendelea kunieleza, polepole, na sikumkatiza.

Walimpasua asubuhi. Alifumbua macho alasiri, midomo imemkauka, akanitafuta, akaniuliza kama nimekula.