Salamu za Barabara ya Kahama

Kwa nini umsalimie mtu aliyekuchomekea gari barabarani, tena hakusikii? Nilimuuliza mjomba swali hilo tukiwa bado hatujaingia Kahama. Akasema, "Wewe unauliza kama hakimu."

Tulikuwa tunamrudisha mama nyumbani Nyahanga, pale Kahama. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho Shinyanga mjini. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshakufa zamani, kwa hiyo hilo la kulia, lililofunikwa na bandeji, ndilo lililobaki. Daktari alituambia asiinamishe kichwa na asitikiswe kwa nguvu. Kwa kawaida mjomba ndiye aliyekuwa dereva wa ukoo mzima, lakini goti lake lilikuwa limevimba. Usukani nikaushika mimi, niliyekuwa na leseni ya miezi minne na shahada ya takwimu.

Mjomba alikuwa na tabia moja iliyonichosha tangu utotoni. Gari likimchomekea, hapigi honi, hatukani. Analisalimia kwa sauti, salamu nzima ya Kisukuma, kama amekutana na mzee mwenzake njiani. Mwangaluka. Nyumbani hawajambo? Watoto? Ng'ombe je? Mvua imenyesha huko? Niliwahi kumsikia akiuliza hali ya ng'ombe wa tangi la mafuta lililokuwa likienda Rwanda. Nilidhani ni uchawi wa kizee, au utani uliosahau kuisha.

Tulipokaribia mji wa Kahama foleni ilikaza. Malori yalikuwa yamejipanga mbele, bodaboda zinapenya kushoto na kulia, bajaji zinageuka bila kuwasha taa. Niliacha nafasi mbele yangu kama nilivyofundishwa, na kila nafasi niliyoiacha ikaliwa. Kijana wa bodaboda akapita dirishani kwangu akicheka.

"Sista, hilo gari au toroli?"

Nikauma meno. Mara pikapu nyeupe ikajichomeka mbele yangu, karibu ichukue kioo cha pembeni. Nikakanyaga breki, kisha kwa hasira nikakanyaga mafuta niifuate.

"Aah!" Mama alisema kutoka nyuma. Neno hilo moja tu. Kwenye kioo nikaona ameinua mkono hadi kwenye bandeji.

"Pole, mama. Linauma?"

"Endesha, mwanangu. Angalia mbele."

Mjomba alisema taratibu, "Msalimie."

"Mjomba, jamani, hanisikii."

"Nani kasema yeye ndiye asikie? Msalimie. Kwa sauti."

Sikuwa na nguvu za kubishana. Nikaanza, Kisukuma changu kikiwa kibovu cha mtoto wa mjini. "Mwangaluka. Nyumbani hawajambo?" Mjomba akaitikia kwa niaba ya pikapu: hawajambo. "Watoto?" Wapo. Nikawa nimeondoa mguu kwenye mafuta bila kujua, maana sikuweza kukumbuka maneno na kufukuza gari kwa wakati mmoja. Nilipofika kwenye ng'ombe, ng'ombe wenyewe wakatokea: kundi zima lilivuka ghafla kutoka upande wa kulia, mchungaji nyuma yao hana haraka. Pikapu ilifunga breki mpaka matairi yakalia. Mimi nilikuwa mbali vya kutosha. Gari letu likasimama pole pole, kama linaloegeshwa nyumbani.

"Mvua je?" mjomba akauliza. "Hujamaliza."

Nilisikia mama akicheka nyuma, kicheko kidogo cha kifuani, kichwa amekiegemeza kitini hakijasogea.

Wiki iliyofuata bandeji ilitolewa, na mama akasoma jina la baba lililochongwa kwenye mpini wa jembe uliokuwa kona ya chumba. Mimi, kwa kuwa siamini kitu kabla ya kukipima, nilichukua simu nikapima salamu. Kutoka mwangaluka hadi mvua ni sekunde nane. Nikaridhika: muda huo unatosha gari la mbele kwenda mbali na hasira kupoa. Nilidhani nimelimaliza swali.

Miaka minne ilipita. Siku moja tulikuwa tunabangua karanga uani, nikamweleza mama hesabu yangu ya sekunde nane. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akagusa kovu lake la kidevuni, lile tulilokuwa tukiambiwa tangu wadogo kwamba alilipata alipoanguka kwenye mkokoteni.

Hakukuwa na mkokoteni, akasema. Mjomba, akiwa kijana, alimpeleka mama huko Mwadui, na karibu na Songwa gari likamchomekea. Alilifukuza ili naye alichomekee, akafunga breki ghafla, na mama akagonga kidevu kwenye dashibodi. Baada ya hapo mama alikataa kupanda gari lake mwaka mzima. Alipokubali, alitoa sharti moja: kila atakayemchomekea, amsalimie mpaka mwisho, tena kwa sauti ya kumfikia mama pale alipokaa.