Jumamosi za Nje ya Mstari

Siku yangu ya kwanza kazini niliwekwa mbele ya kipaza sauti nikapewa sentensi moja ya kusoma: "Lori la barua lilirudi Rulenge bila dereva." Nilisoma kwa kujiamini, kama nilivyofundishwa shuleni. Meneja wa Kituo, mzee mrefu aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kuja redioni, alivua miwani yake akaiweka mezani.

"Dada Leokadia, umesema 'roli ra balua'. Wewe ni wa wapi?"

"Ni Mhangaza wa Mbuba, mzee."

"Nilidhani hivyo. Sauti yako ni nzuri, lakini hizo r na l nikiziweka kwenye taarifa ya habari, kesho nitapigiwa simu mpaka nishindwe kunywa chai."

Sikufukuzwa. Alinipeleka maktaba ya muziki, chumba kidogo nyuma ya studio, chenye rafu za kaseti na sahani za CD, kiti kimoja na jozi ya spika za masikioni ambazo sponji zake zilikuwa zimeisha. Nilikaa humo miaka mingi. Nawaambia vijana mnaoingia kazi hii leo mkiwa na nyimbo zote za dunia kwenye simu: msidharau chumba kama kile, maana masikio yangu yalizaliwa humo.

Kazi ya mtunza maktaba ilikuwa kusikiliza kila wimbo kabla haujaenda hewani. Uliandika juu ya jalada urefu wake, lugha yake, na namna unavyoisha, kama unafifia taratibu au unakatika ghafla. Mtangazaji asipojua mwisho wa wimbo ataachwa, na redio itaingia kwenye kile tulichokiita tundu, yaani hewa tupu isiyo na sauti yoyote. Meneja wa Kituo aliliogopa tundu kuliko radi. "Redio ikinyamaza, msikilizaji hasubiri," alikuwa akisema. "Anazungusha kitufe, na huko aendako anaweza kupapenda."

Redio yetu ya Ngara ilikuwa redio huru. Haikuwa ya serikali wala ya mfanyabiashara. Iliendeshwa na wanachama wake, na watu wa kawaida waliweza kuja kusema neno. Wasikilizaji wetu walikuwa Wahangaza na Wasubi, Wasukuma wenye ng'ombe, na familia za asili ya Burundi na Rwanda zilizokuja nyakati za ukimbizi, zikabaki zikilima. Asubuhi tulipiga kwaya, mchana ngoma za asili na dansi, jioni muziki wa vijana. Kila mtu alijua saa yake. Mimi niliamini kwamba muziki wote uliopo duniani unaingia kwenye makundi hayo.

Kisha kituo kikafungua studio ndogo Biharamulo, na Mkuu wa Vipindi, mama wa Kihaya aliyetoka Bukoba, akaniita ofisini.

"Utakwenda Biharamulo. Hakuna mtu mwingine kule, kwa hiyo nyimbo utazichagua na utazitangaza mwenyewe."

"Na r zangu, mama?"

"Watu wa Biharamulo nao wanazo. Mtaelewana."

Mama huyo ndiye aliyeanzisha mpango wa kubadilishana vipindi na redio huru za nchi nyingine. Sisi tuliwapelekea ngoma za Kihangaza na mpiga inanga wetu mmoja wa Kasulo, ile ala ya nyuzi ya kwetu, na wao walituletea walivyonavyo. Kifurushi cha kwanza kilipofika, nilivaa spika za masikioni, nikaweka sahani, nikabonyeza. Kilichotoka kilinifanya niruke kwenye kiti. Gitaa lilikuwa linachanika kama shuka, ngoma zikikimbia, na wanawake wawili wakipiga kelele za hasira kwa lugha nisiyoijua. Kabla sijaelewa, wimbo ukawa umeisha.

Nilidhani mashine imeharibika. Nikampigia simu Fundi Mkuu kule Ngara, naye siku iliyofuata akaja na gari la kituo, akakagua waya zote. Akasikiliza mwenyewe, akiangalia mshale wa kipimo cha sauti ukigonga upande mwekundu bila kurudi.

"Mashine ni nzima," alisema. "Hawa wamepasua sauti kwa makusudi."

Kupasuka kwa sauti ni pale unapozidisha nguvu mpaka muziki unakwaruza. Katika kazi yetu hilo lilikuwa kosa la kwanza kukatazwa. Fundi Mkuu alicheka, akakuna kichwa. "Sisi tunafundishwa kulikimbia kosa hili, wenzetu wanalifuata. Hebu rudisha mwanzo."

Tuliurudia wimbo ule hadi chai ikapoa. Baadaye nilisoma maelezo kwenye jalada nikajua kuwa muziki huo huitwa panki. Ulianzishwa na vijana waliochoka kuambiwa kwamba lazima uwe fundi wa ala ndipo uruhusiwe kuimba. Kwenye sahani nyingine mlikuwa na muziki wa majaribio: mtu anakwangua mlango wa chuma kwa upinde wa fidla, mwingine amerekodi mvua juu ya bati akaipunguza mwendo mpaka ikawa kama ng'ombe wanapumua. Sikupenda vyote. Vingine vilinichosha. Lakini nilikuwa nimesikiliza maelfu ya nyimbo zilizokuwa zinajua zinakokwenda, na kwa mara ya kwanza nilikutana na zile zilizokuwa zinatafuta njia. Nilirudi nyumbani nimechangamka kama msichana.

Nilimwomba Mkuu wa Vipindi nafasi ndogo Jumamosi alasiri, baada ya matokeo ya mpira. Kipindi nikakiita Nje ya Mstari. Niliwaambia wasikilizaji kwa Kiswahili changu cha Mbuba: "Haya ni ya kuonja. Ukishindwa, nivumilie; tutarudi kwenye dansi."

Jumatatu yake mlango wa studio uligongwa. Alikuwa Fundi Masumbuko, Msubi mwenye kibanda cha kutengeneza redio pale sokoni Biharamulo, amebeba kikapu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Mama, unaniletea balaa. Watu wananiletea ledio nzima nizitengeneze. Wanasema tangu Jumamosi zinakoroma." Akaweka kikapu chini. "Nimewaambia ni muziki, wamenikatalia. Njoo uwaambie wewe."

Nilikwenda naye sokoni, nikawaeleza wenye redio zao. Wengine walicheka, wengine wakanisema. Masumbuko alibaki kunitazama.

"Lakini yule mwenye gitaa la kuchanika," alisema, "kipaza cha gitaa lake amekifungaje? Maana nadhani naweza kutengeneza kama hicho."

Kuanzia hapo Masumbuko hakukosa kipindi. Alitengeneza vipaza vya kukuza sauti ya gitaa kwa mabaki ya redio kubwa na masanduku ya mbao, vikakwaruza vizuri kabisa.

Msikilizaji ninayemkumbuka zaidi alipiga simu siku nyingine, kipindi kikiwa hewani. Nilisikia kwanza mngurumo wa mashine ya kusaga, kisha sauti ya msichana, nzito, yenye mikwaruzo, kama mtu aliyeamka na mafua.

"Mama, huyo dada wa wimbo uliopiga sasa hivi, anaumwa koo?"

"Haumwi. Ndiyo sauti yake."

"Na wanamruhusu kuimba?"

"Nadhani hakuomba ruhusa."

Kisha akasema, "Asante," akakata.

Jina lake lilikuwa Generosa, na alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka Nyakanazi, pale barabara zinapokutana. Nilimfahamu nilipohamishiwa huko kuwa mwandishi wa kituo, kazi ya kukusanya habari za njia panda: mabasi, bei za mazao, malori ya Burundi na Rwanda. Nilikuwa bado narudi Biharamulo kila Jumamosi kwa ajili ya kipindi. Alipokuwa mtoto Generosa aliugua koo, akapona, lakini sauti haikurudi kama zamani. Mwalimu wa kwaya alimwambia kwa upole akae kwenye benchi, awasaidie wenzake kwa sala. Mama yake, aliyekuwa akichoma ndizi na nyama karibu na stendi, aliniambia kwamba tangu siku ile binti yake alikuwa haimbi hata akifua.

"Hata kuongea anaongea kidogo," alisema. "Alipenda kazi ya mashine kwa sababu pale hakuna anayemsikia."

Lakini kumbe ndani ya mngurumo ule Generosa alikuwa ameanza kuimba. Akapata wenzake wawili: Yakobo, fundi wa kuchomelea, akipiga ngoma za mapipa, na Zuberi, mlinzi wa ghala, aliyejua gitaa la kwaya. Masumbuko akawaletea vipaza vyake kwenye basi. Walifanya mazoezi nyuma ya mashine, mchana, wateja wakisubiri unga.

Wakati huohuo Ngara tulipata Meneja mpya, mtu mpole na mwangalifu. Wazazi fulani wa Biharamulo walifika kwake kulalamika kwamba kipindi changu kinawafundisha watoto kuwafokea wakubwa. Aliniita.

"Mama Leokadia, mimi sina chuki na muziki wako. Lakini redio ni ya wanachama. Wakisema hawautaki, nitasimamia nini?"

"Hawajaulizwa wote, Meneja. Waliokuja kwako ni wale wasioutaka. Twende Nyakanazi siku ya soko, tutangaze moja kwa moja mbele ya watu. Kuna vijana wetu wanaoupiga."

"Nitakuja mwenyewe. Watu wakiondoka, Nje ya Mstari itakuwa imekwisha. Wakibaki, tutazungumza."

Sikumwambia Generosa sharti hilo. Niliona mzigo wake unamtosha.

Matangazo ya nje yalikuwa kazi ngumu enzi zile. Ulihitaji gari lenye kirusha mawimbi, mlingoti wa kuelekezwa vizuri kwenye mnara, na mtu wa kusimama na spika za masikioni akisikiliza kile kinachofika hewani. Mtu huyo nilikuwa mimi. Tuliegesha kando ya uwanja wa malori. Watu walikuwa wengi: wanawake wenye maharage, mawakala wa mabasi, utingo wakinywa chai, wazee waliokuja kununua majembe. Meneja alisimama karibu na gari, mikono nyuma.

Generosa na wenzake walipoanza, vicheko vililipuka. Mzee mmoja aliziba masikio. Kikundi cha wanawake kikainua mabeseni yao, kikaondoka. Generosa alifika katikati ya ubeti wa kwanza, sauti ikamkwama, akaacha. Zuberi naye akaacha. Ikabaki ngoma ya Yakobo peke yake, nayo ikizidi kuzubaa. Generosa alinitazama. Nilinyanyua mkono tu, nikazungusha kidole: endelea.

Akafumba macho, akasogea mpaka mdomo ukagusa kipaza sauti. Wimbo huo waliutunga wenyewe, na maneno yake hayakuwa mengi. "Niliambiwa ninyamaze. Nimenyamaza, imetosha." Aliyasema taratibu kwanza, kisha kwa nguvu, na gitaa likarudi likichanika. Sauti aliyoificha tangu utotoni ilitoka na mikwaruzo yake yote, ikapita kwenye masanduku ya Masumbuko, ikagonga mabati ya maduka.

Dereva mmoja aliyekuwa amepanda ndani ya lori lake alipiga honi. Nilidhani anatuzomea. Akapiga tena, na mara ya tatu nikagundua anafuata ngoma. Lori la jirani likajibu. Yakobo aliinua kichwa akacheka, akabadilisha mapigo ili awaachie nafasi, na honi za malori zikaingia ndani ya wimbo kana kwamba zilikuwa zimealikwa. Watu waliacha kucheka wakaanza kupiga makofi. Wale wanawake wa mabeseni walirudi kuona kuna nini. Mshale wa kipimo ulikuwa umelala kwenye upande mwekundu, nami sikuugusa.

Kisha nikamwona mama yake Generosa akipenya kutoka upande wa stendi, mikono ina masizi ya mkaa. Alisimama mbele ya binti yake wimbo ukiendelea, akafungua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akamvika mabegani kama tunavyomtunza mtu harusini. Generosa alifumbua macho akamwona, na alimalizia wimbo akiwa analia na kuimba kwa pamoja.

Meneja alinisogelea. Alilazimika kunisemea sikioni.

"Kwaya ya kwetu haijawahi kupigiwa honi," alisema. "Jumamosi ijayo endelea."

Malalamiko hayakuisha, ila sasa yalikuja pamoja na maombi. Generosa na wenzake hawakuwa maarufu nje ya wilaya zetu mbili. Walipiga kwenye masoko, na harusini walipunguza makali ili wazee wale chakula kwa amani. Generosa bado yuko Nyakanazi, na sasa mashine ni ya kwake. Mwalimu wa kwaya wa siku hizi alimwomba afundishe vijana kuimba bila kuogopa, akakubali. Ukimpigia simu, anaongea mpaka salio linakata.

Mimi nilirudishwa Ngara kuwa Mkuu wa Vipindi, nikastaafu katika cheo hicho. Sasa niko Mbuba na migomba yangu na kahawa kidogo. Vijana huja kuniuliza ni muziki gani mzuri. Siwezi kuwajibu. Ninachojua ni kwamba mtangazaji anafungua mlango, na hawezi kuona nani amekaa upande wa pili akisubiri. Akichagua tu kile ambacho tayari kila mtu anakipenda, wapo watu watakaozeeka wakidhani hawana sauti.

Kipindi kinaendelea. Anakitangaza kijana wa Kasulo, mtoto wa wazazi wa Kirundi, ambaye hutengeneza muziki kwa kurekodi majembe, vyura na mlio wa simu zinazoishiwa chaji. Jumamosi iliyopita alipiga kitu kirefu ambacho sikukielewa kabisa, wala sikukipenda. Mjukuu wangu aliacha kumenya ndizi akakaa karibu na redio, mdomo wazi. Nikaongeza sauti.